Jibu Kabla ya Swali

Wahenga waliposema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walituachia fumbo ambalo hawakulifumbua. Je, dhiki humfichua rafiki aliyekuwapo tangu hapo, au dhiki ndiyo inayomzaa? Mtu aliyetoa shilingi zake za mwisho siku ya msiba wa jirani, usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa nani? Wengi wetu hujibu bila ya kufikiri: alikuwa rafiki yule yule, ila urafiki wake ulikuwa umefundikwa kama fedha katika pindo la kanga, haujaonwa na mtu. Kadhi naye humhoji shahidi kwa imani hiyo hiyo. Analolijua shahidi lilikuwamo kifuani mwake kabla hajaitwa. Swali halina kazi ila kulitoa. Tukiiondoa imani hii, hukumu inageuka mchezo wa kuigiza na shahidi anageuka mtunzi.

Imani kwamba jibu hutangulia swali si ya makadhi na wahenga peke yao. Elimu ya maumbile nayo iliiegemea kwa karne nyingi, wala hapana aliyeona haja ya kuitetea, kwani hapana aliyeishambulia kwa silaha ya maana. Kisha ikashitakiwa, na aliyeitwa kutoa ushahidi ni nuru. Kesi hiyo imesikilizwa kwa zaidi ya miaka 50, katika California, Orsay, Innsbruck, Vienna na kwengineko, na mwaka 2022 watu watatu walioiendesha, John Clauser wa Marekani, Alain Aspect wa Ufaransa na Anton Zeilinger wa Austria, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mimi sikupita chuo chochote cha fizikia. Kazi yangu ni kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyengine, na nimeisoma kesi hii kwa jicho hilo. Naona kuwa wapenzi wa mashairi wana haki ya kuelezwa mambo haya bila ya hesabu na bila ya uchawi.

Mashitaka yaliandikwa mwaka 1935. Albert Einstein, wakati huo akiwa amekwisha kuhamia Princeton, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, walichapisha makala fupi juu ya nadharia ya kwanta, yaani elimu ya vitu vidogo kabisa: elektroni, atomu, na chembe za nuru ziitwazo fotoni. Nadharia hiyo ilisema jambo la ajabu. Chembe mbili zilizowahi kuwa pamoja zaweza kuachana, zikaenda mbali, na bado ukiipima moja ukajua papo hapo nyengine itajibu nini; ilhali kabla ya kupimwa, hapana hata moja kati yao iliyokuwa na jibu lolote. Einstein hakukubali. Kwake yeye, ama nadharia ilikuwa pungufu, ama kitu kilichoguswa hapa kinakigusa cha kule bila ya kupita njiani, na hili la pili aliliona haliingii akilini.

Mwaka huo huo Erwin Schrödinger akalipa jambo hilo jina la Kijerumani lenye sura ya viungo vilivyopishana, kama mtu aliyefumbata mikono kifuani. Nimehangaika na neno hilo. Kunasana kuna mtego ndani yake, kutatizana kuna ugomvi. Nimechagua kufungamana, ingawa hata hilo linadokeza kamba, na kamba ndiyo hasa isiyoonekana popote.

Alivyoyaona mambo Einstein, mtu wa pwani haoni tabu kuyaelewa. Chukua jozi ya makubadhi. Mtu afunge mguu mmoja katika kifurushi na wa pili katika kifurushi chengine, gizani, bila ya kujua upi ni upi. Kimoja kiende Mkoani kwa meli, kimoja kibaki Mjini Unguja. Anayefungua Mkoani akakuta mguu wa kulia, papo hapo anajua kuwa Mjini kuna wa kushoto. Hapana ajabu, wala hapana khabari iliyovuka bahari. Mguu ulikuwa wa kulia tangu dukani. Einstein alishika kuwa chembe zilizofungamana ni makubadhi tu, na nadharia ya kwanta ni mtu asiyeweza kuchungulia ndani ya kifurushi, kisha akadai kuwa ndani hamna kitu.

Kwa karibu miaka 30 mzozo huu ulihesabiwa kuwa wa barazani: watu wanywe kahawa, wabishane, waende zao. Aliyeugeuza kuwa kesi yenye ushahidi ni John Bell, mzaliwa wa Belfast, ambaye kazi iliyompa mkate ilikuwa mitambo ya kuharakishia chembe katika kituo cha CERN, Geneva. Mambo haya aliyafanya pembeni. Mwaka 1964 alichapisha kurasa sita katika jarida changa lililokufa baada ya miaka michache, jambo litakalowafariji wahariri wa majarida madogo popote walipo. Bell alionyesha kuwa makubadhi yana kikomo. Ikiwa majibu yameandikwa mapema, na ikiwa lifanywalo hapa haliligusi la kule, basi kuna kiwango cha kulingana ambacho hakiwezi kupitwa hata kwa ujanja gani. Nadharia ya kwanta inakipita.

Hoja yake yaweza kusemwa kwa mchezo. Mchezo wenyewe umetokana na umbo ambalo Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt waliipa hoja hiyo mwaka 1969. Fikiri ndugu wawili, Bakari aliyeko Mkoani na Mize aliyeko Mjini. Kila mmoja anapelekewa barua, nyeupe au nyekundu, na papo hapo anajibu ndiyo au siyo. Sharti ni kuwa majibu yao yalingane, isipokuwa pale wote wawili wanapopata nyekundu. Hapo lazima watofautiane. Kabla ya kuachana waliruhusiwa kupanga walitakalo. Baada ya kuachana, hapana simu.

Tuseme majibu yameandikwa mapema, kama mguu wa kubadhi ulivyokuwa wa kulia kabla ya kifurushi kufunguliwa. Jibu la Bakari la nyeupe halina budi kulingana na la Mize la nyeupe. Halina budi pia kulingana na la Mize la nyekundu. Basi majibu mawili ya Mize ni mamoja. Sasa, jibu la Bakari la nyekundu halina budi kulingana na la Mize la nyeupe. Na kwa kuwa majibu ya Mize ni mamoja, linalingana na la nyekundu vile vile. Lakini sharti la nne lilitaka hayo mawili yatofautiane! Masharti matatu yakitimia, la nne huvunjika. Kwa hivyo barua zikitolewa kwa bahati nasibu, ndugu hawa, hata wakiwa na werevu wa Abunuwasi, hawatashinda zaidi ya mara 75 katika 100. Msomaji aliyezoea kutunga shairi la vina vinne vinavyokataa kukaa pamoja ataipata ladha ya hoja hii mara moja. Namuomba airejee hata mara tatu, maana kesi nzima imo humo.

Weka sasa fotoni mbili zilizofungamana mahali pa ndugu wale. Barua ni kioo cha kuchujia nuru, na kukiinamisha ndiko kuuliza: upande mmoja kioo husimama wima au kulala nyuzi 45, upande wa pili huinama nyuzi 22.5 huku au nyuzi 22.5 kule. Fotoni ikipita, imesema ndiyo, isipopita, siyo. Nadharia ya kwanta inabashiri kuwa fotoni zitashinda mchezo takriban mara 85 katika 100. Hapana maandishi yoyote ya mapema yawezayo kuleta idadi hiyo.

Clauser na Stuart Freedman walikuwa wa kwanza kwenda mahakamani, huko Berkeley mwaka 1972, kwa nuru iliyotoka katika atomu za kalsiamu. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa pana jambo la maadili ambalo vitabu vya fizikia hulipita mbio. Clauser alitamani Einstein ashinde. Alijenga mitambo yake kwa mikono yake, kwa vifaa vya kuokoteza, akitumaini kuiangusha nadharia ya kwanta, na mitambo hiyo ikamjibu kinyume cha matumaini yake. Akachapisha. Baadaye, Holt na Francis Pipkin katika Chuo Kikuu cha Harvard, wakitumia zebaki, walipata jibu la upande wa pili, lile hasa ambalo Clauser alikuwa akilitamani. Wao wenyewe hawakuliamini vya kutosha hata kulichapisha rasmi katika jarida. Naye Clauser hakulipokea kama mtu aliyeletewa zawadi. Alilirudia jaribio hilo kwa zebaki, na mwaka 1976 akatoa khabari kuwa nuru imejibu vile vile kama mwanzo.

Tumezoea kumsifu mtu kwa kusema kweli mbele ya mwenye nguvu. Kuisema kweli mbele ya tamaa ya moyo wako mwenyewe, mahali ambapo hapana anayekutazama, ni daraja nyengine. Mtu anayeuliza huku jibu amekwisha kuliandika hajauliza, amekariri. Na hapa tunaona kinyume cha kupendeza. Watu hawa walitaka kuthibitisha kuwa jibu hutangulia swali katika maumbile, na ili kulithibitisha iliwabidi wahakikishe kuwa halitangulii katika vifua vyao.

Aspect alipokwenda Geneva mwaka 1975 kumweleza Bell mpango wa jaribio jengine, Bell alimuuliza kwanza kama ana kazi ya kudumu. Swali hilo linaeleza zama zile zaidi ya kurasa nyingi za historia: mambo haya yalihesabiwa kuwa ya kumharibia kijana maisha. Aspect alikuwa na kazi, na akaendelea. Mwaka 1982, huko Orsay, yeye na wenzake walizitenga pande mbili kwa mita 12, wakawa wanalibadilisha swali kila baada ya nanosekunde 10 hivi, ilhali nuru yenyewe huhitaji nanosekunde 40 kuuvuka mwendo huo. Upande mmoja haukuwa na muda wa kujua mwenzake ameulizwa nini. Katika jaribio jengine la mwaka huo huo, kwa kipimo ambacho makubadhi hayawezi kupita 2, walipata 2.697.

Mawakili wa Einstein walibakiwa na hoja, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Mabadiliko ya maswali ya Orsay yalifuata mapigo ya namna moja, hayakuwa ya bahati nasibu. Innsbruck, mwaka 1998, pande mbili zikatengwa kwa mita 400 na bahati nasibu ikawekwa kweli kweli. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi: fotoni nyingi hupotea njiani, na huenda mashahidi wachache waliofika barazani si mfano wa haki wa wenzao wasiofika. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2015 kuziba mianya yote miwili kwa pamoja: huko Delft, Uholanzi, kwa elektroni zilizomo katika almasi mbili zilizo umbali wa kilomita 1.3, na kwa fotoni huko Boulder, Marekani, na huko Vienna, chini ya sakafu ya kasri la Hofburg. Mwaka 2017 setilaiti ya China ilizituma fotoni zilizofungamana hadi vituo viwili vya ardhini vilivyoachana kwa kilomita 1,200. Jibu halikubadilika.

Hukumu hii inasema nini, na haisemi nini? Waama, watu wengi wameirukia kama kuku aonaye mtama. Wako wanaouza dawa na mihadhara kwa jina la kwanta, wanaosema kuwa kila kitu kimeunganika na kila kitu, kuwa nia ya mtu huumba ukweli, kuwa mgonjwa akitaka kupona atapona. Fotoni hazikusema hayo. Mize akiketi peke yake na daftari lake haoni ila ndiyo na siyo zilizotawanyika ovyo, kama sarafu iliyorushwa. Hapana alifanyalo Bakari ambalo laweza kusomwa katika daftari hilo. Kulingana kwao huonekana pale tu madaftari mawili yanapoletwa pamoja, kwa meli au kwa simu, kwa njia za kawaida. Mfungamano haupeleki hata salamu. Aidha, ni kitu dhaifu mno; mguso wa hewa au joto waweza kuuvuruga. Kifua cha shahidi si mahali pake, na kadhi aendelee na baraza lake.

Hata wanafizikia wenyewe hawakubaliani ni nguzo ipi iliyoanguka. Waliokwenda mahakamani walikuwa wamebeba nguzo tatu: kwamba jibu lipo kabla ya swali, kwamba lifanywalo hapa haliligusi la kule papo hapo, na kwamba muulizaji yu huru kuchagua swali. Ya kwanza na ya pili kwa pamoja nimeziita uhalisi wa mahali, kwa kukosa jina bora. Nadharia ambayo David Bohm aliitoa mwaka 1952, na ambayo Bell mwenyewe aliiheshimu sana, huihifadhi ya kwanza kwa namna yake kwa kuitoa kafara ya pili. Wengine huitupa ya kwanza. Mimi nipo na hawa, na sababu yangu ni ya mtunzi. Mwezi hunisaidia hapa. Einstein aliwahi kumuuliza Abraham Pais, walipokuwa wakitembea, kama kweli anaamini kuwa mwezi upo pale tu anapoutazama. Mtu wa pwani angemjibu kuwa swali hilo lina tumbo mbili. Mwezi wa mbinguni upo, hapana anayebisha. Lakini kwa wale wanaofuata muandamo kwa macho, mwezi wa Ramadhani hauingii mpaka uonekane, au thelathini zitimie. Kuona hakufichui siku ya kufunga iliyokwisha kuwapo, bali ndiko kunakoifanya. Kumbe tangu zamani tunaishi na mambo ya namna mbili, mengine yanayotangulia swali na mengine yanayozaliwa nalo, wala hatujapata wazimu.

Kilichoanguka, kwa maoni yangu, ni neno lazima. Zamani tuliweza kusema kuwa urafiki wa yule jirani ulikuwamo ndani yake kabla ya dhiki kwa sababu haiwezekani iwe vyengine. Kila sifa lazima iwe mahali fulani kabla haijaonekana. Sasa hatuna ruhusa ya kuiegemea hoja hiyo. Anayetaka kusema kuwa uaminifu hutangulia mtihani inambidi aseme kwa sababu zinazomhusu binadamu: malezi, mazoea, ahadi, hofu ya Mungu. Huo si msiba. Huenda hata ni heshima kwa yule jirani, kwamba asubuhi ile, kabla hajaingiza mkono mfukoni, hapakuwa na karatasi popote iliyokwisha kuandikwa kwa niaba yake kuwa atatoa.

Inabaki nguzo ya tatu, nayo ndiyo inayogusa mabaraza yetu zaidi, maana suala la kadari na hiari halijapata kulala katika visiwa hivi. Wako wachache wanaosema hivi: huenda fotoni ni makubadhi kweli, na muulizaji ndiye asiye huru. Huenda tangu mwanzo wa ulimwengu ilipangwa kuwa swali hili litaulizwa saa hii, na fotoni zikaandikiwa jibu la kufaana nalo. Watu wasiichanganye kauli hii na kadari ya waumini. Kadari ya waumini humwacha mtu akiwa mwenye kuulizwa kwa matendo yake. Hii ni kadari ya muulizaji na muulizwa waliosomeshwa na mwalimu mmoja usiku mmoja kabla ya mtihani. Ikikubaliwa, hapana jaribio lolote la dawa, la mbegu wala la nyota liwezalo kuthibitisha kitu. Aliyetoa na asiyetoa ni sawa, na Clauser kuchapisha alichokichukia hakuna maana yoyote. Siwezi kuikanusha kwa hoja. Naona tu kuwa anayeishika amelipa bei kubwa mno ili kuyaokoa makubadhi yake.

Lakini wanafizikia hawakuiacha hivi hivi. Tarehe 30 Novemba 2016 waliwaomba watu wapatao 100,000 wa nchi mbalimbali wacheze mchezo wa kubonyeza sifuri na moja kadiri watakavyo, na chaguo zao zikapelekwa katika maabara za mabara matano ziwe ndiyo maswali. Jibu likawa lile lile. Khabari za jaribio la mbali zaidi zikachapishwa mwaka 2018. Katika kisiwa cha La Palma, huko Canary, kundi la Zeilinger lilielekeza darubini mbili kwenye pande mbili za anga, kila moja kwenye kwasari yake, yaani kiini king'avu cha galaksi ya mbali mno. Nuru ya mmoja wa viini hivyo ilianza safari miaka bilioni 7.8 iliyopita, ya mwengine miaka bilioni 12.2, na rangi ya kila fotoni iliyowasili ndiyo iliyochagua swali la kuulizwa. Fotoni zilizofungamana zilishinda mchezo kama kawaida yao. Anayeshika kuwa maswali na majibu yalipangwa pamoja bado anaweza kushika, ila mpango huo sasa inambidi aurudishe nyuma ya miaka bilioni 7.8. Kwa hesabu za watafiti hao, jaribio moja hilo limeifuta sehemu 96 katika 100 ya mahali na nyakati zote ambamo njama hiyo ingeweza kupangwa. Zimebaki sehemu nne, na wanaozishikilia wapo.